Likizo ya Watu wa Ujiji

Katika Bujumbura nzima hakuna mtu anayejua kutembeza wageni kunishinda mimi, Sijaona binti Chabani wa Buyenzi. Waulizeni wageni wangu wa mwisho. Walikaa siku tatu. Siku ya kwanza niliwaonyesha mji. Siku mbili zilizobaki niliwaonyesha uvungu wa meza yangu, wakajikunja humo kama mikeka mpaka risasi zilipochoka. Wakati wa kuaga waliisifu sana ile meza.

Basi mtu mwenye sifa kama hizo ndiye aliyesimama bandarini Jumatano ile asubuhi, Agosti ya mwaka tisini na tisa, kanga mpya mabegani, akiwangoja watu wa Ujiji.

Kwa wale ambao gazeti la juma lililopita walilifungia dagaa kabla ya kulisoma, nitarudia kidogo.

Mjukuu wangu Djibril ni fundi wa injini. Mwaka wa tisini na sita, mambo yalipochacha, alivuka akaenda Kigoma, akakaa Ujiji mwaka mzima akitengeneza injini za boti za mzee mmoja, Mzee Mohamadi. Injini zikapona. Aliyeugua ni Saliha, binti wa mzee. Djibril aliporudi nyumbani, barua zikaanza kupishana ziwani.

Wajukuu nilikuwa nao saba. Vita imenibakizia huyo mmoja. Ana miaka thelathini na mmoja na tayari amepoteza wachumba wawili: wa kwanza alikimbilia Zambia na wazazi wake, wa pili aliolewa na mwanajeshi, kwa sababu mwanajeshi alikuwa na gari. Saliha alikuwa wa tatu. Nikajiapiza kwamba huyu hatoki mkononi, hata kama nitamfunga kwa upindo wa kanga.

Sasa, kwetu sisi, upande wa binti haumfuati mwanamume. Baba akionekana amevuka ziwa kwenda kumkagua mkwe, watu watasema binti kamshinda, anamtembeza kama beseni la samaki. Kwa hiyo Mzee Mohamadi aliniandikia barua ya adabu sana: “Tunakuja likizo. Mimi, dada yangu na Saliha. Siku tatu. Tunataka kupumzika na kutazama mandhari.”

Mandhari! Mwaka tisini na tisa! Bujumbura!

Neno ndoa halikuwamo, wala halikutakiwa kutamkwa mpaka yeye alitamke. Lakini ndani ya bahasha hiyo hiyo Saliha alipenyeza karatasi yake ndogo: “Bibi, baba akiridhika, Alhamisi jioni atakwambia umwite shehe asome fatiha. Asiporidhika, Ijumaa tunarudi na boti, na nitapewa yule wa Kigoma mwenye kituo cha petroli na meno matatu ya dhahabu. Bibi, nisaidie. Yanang’aa hata akifunga mdomo.”

Na bwana harusi yuko wapi? Hapo ndipo mliponiacha juma lililopita natokwa jasho. Barua ilifika Jumatatu. Djibril aliniaga Jumapili. “Bibi, naenda Kigali kununua vipuri vya gereji, nitarudi Alhamisi.” Maandazi ya njiani nilimfungia mwenyewe.

Yaani nilitakiwa kuwapumzisha wageni siku mbili nzima, katika mji ambao hata wenyewe hatujapumzika miaka sita.

Boti ikafika. Akashuka Mzee Mohamadi, kofia ya viua, tumbo la mtu mwenye boti nne. Akashuka Saliha, ananitazama kwa macho ya mtu anayezama. Nyuma yao akashuka Bi Mwamini, dada mkubwa wa mzee, mwanamke anayeweza kukuhesabia vifungo vya nguo kabla hujaitika salamu.

“Karibuni vakansi!” nikapaza sauti. “Mandhari ndiyo hii! Muone ziwa!”

Bi Mwamini akageuka akalitazama ziwa alilokuwa amelitapikia tangu Kigoma.

“Hili si lile lile letu?”

“Apana, dada. Upande huu maji ni mepesi.”

“Ndiyo maana niliyoyatapikia yalikuwa mazito.”

Nikajua siku itakuwa ndefu.

Nyumbani nilikuwa nimetandika meza, ile ile yenye sifa. Chapati, sambusa, maharage ya nazi, ndizi za kukaanga. Mzee Mohamadi akanawa, akakaa, akaweka mikono yake safi juu ya magoti yake, na pale ikabaki.

“Mama Sijaona, Mungu akubariki. Lakini sisi tuko likizo. Watu wa likizo hawali nyumbani kwa mtu.”

“Hata chapati moja?”

“Chai nitakunywa. Kutafuna, hapana.”

Wote mle ndani tulielewa. Ukitafuna chakula cha upande wa mwanamume kabla ya fatiha, umemtoa binti kwa sahani ya maharage. Lakini kwa kuwa ndoa haikuwepo, tulikuwa likizo, nikatabasamu kama mtu asiyeelewa.

“Basi twende hotelini,” nikasema. “Pale kona kuna wali mzuri.”

“Mwenye hoteli ni nani wako?”

“Mutoto wa mujomba.”

“Hapana.”

“Kuna ile ya karibu na msikiti.”

“Nayo?”

“Yule mama aliolewa na kaka yangu. Lakini aliachika!”

“Walizaa?”

“Watano.”

“Hapana.”

Ndipo nilipogundua balaa la kuzaliwa Buyenzi. Katika mtaa mzima hapakuwa na sufuria isiyokuwa ndugu yangu. Watu wangu wa likizo wakaondoka nyumbani na njaa, Saliha akiziangalia sambusa kama anaziaga maiti.

Nilikuwa nimekodi taksi ya Sylvère, kijana mwema wa Nyakabiga. Gari lake halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Kila njia tuliyoingia ilibidi tuitokee mbele, hata kama mbele kuna jeshi. Nilikuwa pia nimeandika kwenye karatasi mambo ya kufanya, kama wazungu wanavyofanya: soko, aiskrimu, viboko, jiwe.

Tukaanza na soko kuu, kule Rohero. Bi Mwamini akapapasa vitenge vyote, asinunue hata kimoja. Mzee Mohamadi akawa anawatazama wafanyabiashara, ambao saa nane mchana walikuwa wameanza kufunga mizigo.

“Mbona wanafunga mapema hivi?”

Wanafunga mapema, wapenzi wasomaji, kwa sababu wanaokaa nje ya mji hawataki kukutwa njiani. Lakini mimi nikasema:

“Wanawahi kuswali.”

“Wote? Hata yule mwenye msalaba shingoni?”

“Yule anawahi kuwalindia wenzake viatu.”

Sylvère akakohoa. Nikamfinya.

Tukaenda kwenye aiskrimu. Duka lilikuwa la Mgiriki, na Mgiriki si ndugu yangu hata kwa kulazimisha. Njiani ukazuka mjadala wa kisheria: kulamba ni kutafuna au si kutafuna? Na je, kama mimi ndiye nimewaleta, aiskrimu ni ya nani? Bi Mwamini ndiye aliyekata shauri.

“Kulamba si kula. Na aiskrimu haina undugu na mtu.”

Tulipofika umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mgiriki akatuletea aiskrimu kwenye bilauri, na mrija. Watu wa Ujiji wakanywa likizo yao kimya kimya.

“Kwetu,” Bi Mwamini akasema, akifuta mdomo, “hii inaitwa maziwa.”

Kutoka hapo tukaingia barabara ambayo Sylvère hakuitaka, na mbele yetu kukawa na bariyeri: mti umelazwa, askari watatu, na mmoja wao amekaa juu ya kreti ya soda. Kurudi nyuma gari haliwezi, mnakumbuka. Yule wa kreti akainama dirishani.

“Munaenda wapi?”

Kabla sijapanga uongo wangu vizuri, Mzee Mohamadi akajibu kwa heshima zote, “Tuko likizo, mwanangu.”

“Muko nini?”

“Likizo. Vakansi. Tunatazama mandhari.”

Askari akamtazama. Akamtazama tena. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mwenye bunduki. Ilibidi aiegemeze bunduki kwenye gari letu ili ashike mbavu.

“Yampaye inka!” akapiga kelele kwa Kirundi, kama mtu aliyezawadiwa ng’ombe. “We! Njooni! Njooni muone watu wa vakansi!”

Wenzake wakaja mbio. Wakatuzunguka kama sisi ndio wanyama.

“Vakansi hapa?” mmoja akauliza. “Nani aliwashauri?”

Watu wa Ujiji wote watatu wakanigeukia mimi.

“Mama,” yule wa kreti akaniambia, machozi yanamtoka, “mi nina miaka miwili bila ruhusa ya kwenda kumuona mama yangu. Ukipata nafasi kwenye hiyo vakansi yako, unibebe.” Akanyanyua mti mwenyewe. “Piteni, piteni. Mupumzike sana. Na kama mutasikia kitu, mulale chini vizuri.”

“Tusikie kitu gani?” Bi Mwamini akauliza.

“Ndege,” nikasema. “Huku kuna ndege wakubwa.”

Gari likaondoka. Mzee Mohamadi aliitazama ile bariyeri mpaka ikapotea. Halafu akajinyoosha, akajaribu tena kuwa mtu wa likizo. Nilimhurumia, jamani. Alikuwa anajitahidi kuliko mimi.

“Nimesikia huku mna jiwe la Livingstone.”

Mwenyewe ndiye niliyeandika hivyo kwenye barua moja ya zamani. Wao Ujiji wana mnara wao, wanajivuna nao, nami nikajibu kwamba sisi tuna jiwe kubwa zaidi. Jiwe lipo, kusini ya mji, mwendo wa dakika ishirini. Ila barabara yake mwaka ule ilikuwa inapitika na watu wa aina mbili tu: wenye silaha na wasiotaka kurudi.

“Jiwe lipo,” nikasema. “Lakini leo halipo.”

“Limekwenda wapi?”

“Limepelekwa kuoshwa.”

Sylvère akaanza kukohoa tena.

“Jiwe?” akauliza Bi Mwamini.

“Vumbi la kiangazi, dada. Maandishi hayasomeki.”

Wakati huo huo kutoka milimani ukaja mlio, mzito, wa chini kwa chini, na vioo vya Sylvère vikatetemeka. Ukaja wa pili.

“Na hiyo je?”

“Wanapasua mawe.”

“Ya nini?”

“Ya kutengenezea barabara.”

“Barabara gani?”

“Ile ya kwendea kwenye jiwe.”

“Jiwe ambalo limepelekwa kuoshwa.”

“Ndiyo. Wametumia hiyo nafasi.”

Sylvère akaweka paji la uso juu ya usukani, mabega yanamcheza.

“Simamisha gari, kijana,” akasema Mzee Mohamadi.

Gari likasimama chini ya kivuli, karibu na ukuta wa ofisi moja. Mzee akajigeuza kwenye kiti mpaka tukatazamana. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

“Mama Sijaona. Nyuma ya nyumba yangu Ujiji wanakaa watu wenu, mwaka wa sita huu. Upepo ukipiga mlango, watoto wao wote wanalala chini kwa pamoja bila kuambizana. Halafu wanainuka wanaendelea na mchezo. Mlio ule ni mzinga.”

“Ni mzinga, bibi,” Saliha akasema taratibu, kama anayenipa pole. “Lakini uko mbali.”

Nikaanza kukunja upindo wa kanga yangu mpya.

“Mimi sikuja kuuliza kama kuna vita,” mzee akaendelea. “Bandari yenu ina askari wengi kuliko mizigo. Nilikuja—” Hapo akakumbuka. “Nimekuja kupumzika. Na mtu hupumzika kwa watu wakweli. Tangu asubuhi sijasikia kwako neno la kweli hata moja, isipokuwa bei ya taksi.”

“Hata hiyo aliipunguza,” Sylvère akasema.

“Nakuuliza jambo moja tu. Djibril yuko wapi?”

Jamani. Nilitaka kumkumbatia. Tangu alfajiri nilikuwa nimeyabeba mauongo kama mwanamke anayebeba kuni za mazishi, na sasa mtu ananiuliza kitu ambacho ninacho!

“Kigali, Baba Saliha! Wallahi. Amekwenda kununua vipuri. Maandazi nimemfungia kwa mikono hii, mpaka kwenye basi nimemsindikiza, nikasimama mpaka basi likapotea. Kesho atarudi. Mungu anilaze hapa hapa kwenye gari la Sylvère kama nadanganya.”

“Mama, gari langu usiliingize,” akasema Sylvère.

Mzee Mohamadi akanitazama kwa muda ambao mtu angeweza kumenya viazi kilo moja.

“Gereji yake inakwenda?”

“Imejaa magari. Ananiambia kila Jumamosi.” Na hilo pia lilikuwa kweli kama nilivyolipokea. Gereji yenyewe sikuwa nimeikanyaga mwaka mzima. Iko ng’ambo ya bariyeri tatu, na magoti yangu hayana karatasi za kupita.

“Sawa,” akasema. “Hilo naliamini. Nilimpenda yule kijana kwa mikono yake. Mtu anayefanya kazi kwa mikono, asiye na harufu ya pombe, siangalii ametoka kwenye vita gani. Kwa hilo moja nimekusamehe yote: viatu vya kuswalia, ndege wakubwa, na jiwe na wanaoliosha. Kesho akifika na vipuri vyake, kesho jioni tutaongea mambo mengine.”

Mambo mengine! Saliha akaniminya mkono nusura auvunje.

“Lakini,” mzee akasema, na kidole chake cha shahada kikasimama kati yetu, “hili nalo likiwa la kuoshwa, Ijumaa tunapanda boti na mizigo yetu yote.” Akamtazama binti yake ili nielewe mizigo ni ipi.

Nikaapa tena. Niliapa kwa raha, kama mtu anayeoga.

Ilikuwa saa tisa na nusu, na tangu Kigoma hakuna aliyetafuna. Bi Mwamini akatangaza kwamba likizo nyingine kama hii itamzika. Nikamwambia Sylvère atupeleke ufukweni, kwenye hoteli moja ambayo jina lake nalimeza, maana wanapika mukeke, samaki wetu wa ziwani, wa kuchoma vizuri na sina ugomvi nao.

“Mwenye hoteli ni nani wako?” mzee akauliza.

“Ni Mbelgiji.”

“Una hakika si ndugu?” akasema Bi Mwamini.

“Dada, baba yangu alisafiri, lakini si mbali hivyo.”

Kwa mara ya kwanza siku ile Mzee Mohamadi akacheka. Nikaona kesho jioni inakuja, nikamwona shehe, nikaona na kitoto mgongoni mwa Saliha. Hata jina nilishakichagulia.

Tukakaa chini ya mwavuli wa nyasi, ziwa miguuni. Hapo angalau sikuhitaji kudanganya. Viboko walikuwepo kweli, wawili, wametoa masikio tu. Wazungu wa misaada walikuwa wameloweka miguu majini, na askari amesimama nyuma yao akiwalinda wasizame au wasitekwe, sikuelewa kipi. Bi Mwamini akavua viatu. Saliha akacheka na kiboko. Ukiona kwa mbali ungesema hawa ni watu wa likizo kabisa.

Msimamizi wa hoteli, bwana mnene aitwaye Aloys, akaja na daftari lake. Mzee akaagiza mukeke wanne na ugali wa muhogo, akasisitiza kwamba analipa mwenyewe. Aloys akapiga makofi.

“Régis! Meza ya nane!”

Akatokea kijana mrefu, shati jeupe, kitambaa cheusi kiunoni, tai ya kipepeo shingoni, sinia begani na chupa sita za bia juu yake. Alikuwa anatembea vizuri, mgongo umenyooka, hata nikajisemea moyoni: huyu kalelewa na mtu anayejua kulea.

Akageuza uso.

Aliyemlea ni mimi.

Chupa sita zikagongana. Hazikuanguka. Kucha za Saliha zikaingia kwenye paja langu chini ya meza.

“Karibuni,” kijana akasema, macho kwenye kitambaa cha meza. “Mutakunywa nini?”

Mdomo wangu, Mungu ausamehe, ulitangulia kabla ya akili.

“Hafanani naye hata kidogo!” nikasema.

Bi Mwamini akanigeukia taratibu sana.

“Hafanani na nani?”

Nikayatazama maji. Mzee Mohamadi hakututazama sisi. Alikuwa anamtazama kijana, kuanzia viatu, akipanda.

“Kijana, unaitwa nani?”

“Régis, mzee.”

“Mtu wa wapi?”

“Gitega. Kule juu milimani.”

“Mwislamu?”

“Apana, mzee. Mkatoliki. Wa kila Jumapili.”

“Hizo bia za nani?”

“Za wale wazungu.”

“Umekuwa hapa muda gani?”

“Miezi miwili,” akajibu, na mara akaonekana kama mtu anayetaka kuyarudisha maneno kinywani. Miezi miwili! Na Jumamosi zote hizo ananihadithia magari ya gereji, moja moja, na rangi zake!

Saliha akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa kavu kama dagaa.

“Kaka Régis, una mke?”

“Sina, dada.”

“Na mchumba?”

Sinia likayumba. “Nilikuwa naye.”

“Pole,” akasema Saliha. “Alikufa?”

“Apana. Alikuja likizo.”

Bi Mwamini mwenyewe alivaa viatu vyake.

Mpaka hapo, wasomaji wangu, bado tungeweza kupona. Nchi hii ina watu wanaofanana. Mzee alimwona mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, kavaa ovaroli na grisi mpaka kwenye nyusi. Huyu hapa kanyolewa, kapakwa poda, jina la Kizungu kifuani. Nilianza kuomba dua. Aende tu. Alete samaki, apotee, kesho aingie nyumbani kama aliyetoka Kigali.

Kwenye gati la hoteli, hatua kumi kutoka mezani, mzungu mmoja alikuwa anahangaika na boti. Anavuta kamba, injini inawaka, inaunguruma vizuri, boti inasogea kidogo, kisha kimya. Anangoja, anavuta tena. Inawaka, inasogea, kimya.

Mzee Mohamadi akageuza sikio lake, sikio la mtu mwenye boti nne.

“Kabureta hiyo,” akasema kwa sauti. “Mafuta yenu ya magendo yana uchafu.”

Kijana hakuondoka.

“Kabureta,” mzee akarudia. “Wala haina mjadala. Aifungue aioshe.”

“Apana, mzee.”

Lilimtoka kama sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Nikamkanyaga kweli, chini ya meza, lakini mguu niliokanyaga ulikuwa wa Bi Mwamini.

“Kabureta ingekohoa kwanza,” kijana akasema, na macho yake sasa yalikuwa kwenye boti, wala hakuwa tena na habari na sisi. “Nguvu zingepungua polepole. Hiyo inazimika ghafla, kama mutu amezima taa. Na inazimika ikishapata moto. Muone, anangoja ipoe, inawaka tena. Hiyo ni bobini, ile inayopeleka cheche. Hata akiosha kabureta mpaka kesho, ataishia katikati ya ziwa. Ni kama ile ya kwa—”

Akauma ulimi.

Injini ya mzungu ikazimika. Viboko wakazama.

“Kama ile ya nani?” akauliza Mzee Mohamadi.

“Ya... ya mutu mmoja.”

“Wa Gitega?”

“Ndiyo, mzee.”

“Kule milimani.”

“Ndiyo.”

“Gitega hakuna ziwa, mwanangu. Boti huko mnaziendeshea kwenye migomba?”

Aloys alikuwa anapiga makofi kule mlangoni, “Régis! Régis! Bia za wazungu!” na Régis hakugeuka, kwa sababu hakuwepo tena. Aliyebaki mbele yetu, tai shingoni na jasho puani, alikuwa mjukuu wangu.

“Weka hizo chupa chini,” mzee akamwambia.

Akaziweka, moja moja, mbele ya yule mzee wa Kiislamu, mpaka zikawa sita.

Ndipo Mzee Mohamadi akajigeuza kwangu. Hakupandisha sauti. Alizisogeza chupa kidogo tu kwa nyuma ya mkono, ili zisimzuie kuuona uso wangu.

“Mama Sijaona,” akasema, “yule wa Kigali ulisema anarudi lini?”